Je, Wajua? Yaliyoandikwa Juu Yetu Nasi Hatukusomewa

Saa kumi na mbili asubuhi, Barabara ya Baba Dogo huwa na misafara miwili inayopishana. Wa kwanza ni wa vibarua wanaowahi malango ya viwanda kabla msimamizi hajamaliza kuhesabu watu wa siku hiyo. Wa pili ni wa watoto wa shule, wengine wakitoka Kariadudu, wengine Lucky Summer, wengine wakikatisha kutoka Korogocho. Upo msafara wa tatu usiokuwa na saa maalumu: watu wenye vitambulisho shingoni na simu za kujazia majibu, wanaobisha hodi na kuuliza nyumba ina watu wangapi, nani anasoma, anasoma wapi, na jana mlikula nini.

Wadi ya Baba Dogo iko katika eneo bunge la Ruaraka, Nairobi, pamoja na Korogocho, Lucky Summer, Mathare North na Utalii. Ukanda huu umehojiwa sana. Majibu yake husafiri hadi kwenye majarida ya Kiingereza yanayosomwa London na California, na mama aliyejibu maswali arobaini huku ugali ukimngoja jikoni harudishiwi hata ukurasa mmoja. Basi nimekusanya hapa baadhi ya yaliyogunduliwa kuhusu shule, uongozi na mitazamo ya watu, mengine hatua chache kutoka kwetu, mengine Busia, Tanzania, Uganda na India. Nimechagua yale ambayo nadhani yangezua mjadala kwa kinyozi.

Je, wajua kwamba Korogocho ina daftari la maisha yake tangu 2002? Mwaka huo kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake hapa Nairobi, kilianza kufuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama. Sensa ya taifa hupita mara moja kila miaka kumi. Wahojaji wa daftari hili walirudi kila baada ya miezi minne hivi. Mtoto aliyeandikwa humo akiwa mchanga aliweza kuonekana akianza shule, akiiacha, akirudi, akihamishiwa nyingine. Mengi tunayoyajua kuhusu masomo ya watoto wa mabandani yametokana na uvumilivu huo wa kubisha mlango uleule tena na tena, na uvumilivu wa wenye nyumba wa kuufungua.

Daftari hilo ndilo lililofichua jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Elimu ya msingi ilifanywa bure Januari 2003, mara tu serikali ya Kibaki ilipoingia. Je, wajua kwamba baada ya hapo maskini wa Nairobi ndio walioendelea kulipa karo? Moses Oketch na wenzake walilinganisha Korogocho na Viwandani na mitaa miwili ya nyumba za kudumu, Jericho na Harambee. Mtu angedhani wenye nafuu ndio watakaokuwa katika shule za kulipia. Ilikuwa kinyume. Watoto wa Jericho na Harambee walikuwa kwa wingi katika shule za serikali, na sehemu kubwa ya watoto wa mabandani ilikuwa katika shule za kibinafsi, zile za mabati tunazopita kila siku. Makala yao ilitoka 2010.

Wanaoishi huku hawatashangaa sana. Shule za serikali zilizo karibu na mabanda ni chache, na zilifurika mara karo ilipoondolewa, hadi mwalimu hawezi kuyajua majina ya watoto wa darasa lake mwenyewe. Shule ya mtaani iko mlangoni. Mwenye shule anamjua mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Karo hupokewa kidogo kidogo, kadiri kibarua kinavyopatikana, na mwezi ukiwa mbaya watu huketi wakasikilizana. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba wazazi wa mitaa hii hawajali elimu. Mzazi anayefua nguo za watu ili alipie kitu ambacho sheria inasema ni cha bure hawezi kuitwa asiyejali, na sasa jambo hilo limeandikwa kwa takwimu, mtu asiseme ni huruma ya jirani.

Je, wajua pia kwamba mradi mmoja wa Korogocho ulianza na shindano la urembo? Mwaka 2001, vijana wa Korogocho waliokerwa na ukatili dhidi ya wasichana walianzisha shindano la Miss Koch, "Koch" likiwa ndilo jina la mtaa kwa vinywa vya wenyewe. Shindano likageuka shirika. Kuanzia 2013 shirika hilo likashirikiana na APHRC kuwapa wasichana wa shule za msingi za Korogocho usaidizi wa kazi za nyumbani baada ya masomo, washauri wa kuzungumza nao, na msaada wa fedha wa kuingia kidato cha kwanza kwa waliofaulu KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Viwandani kulikuwa na mradi kama huo. Awamu ya pili, kuanzia 2016, iliwaongeza wavulana na somo la uongozi.

Kwangu mimi sehemu iliyo na maana zaidi katika mradi huo ni kwamba wazazi nao waliitwa. Waliketi katika vikao kuzungumza jinsi ya kuongea na mtoto aliyebalehe, jinsi ya kufuatilia madaftari hata kama wewe mwenyewe hukufika mbali, na jinsi ya kumpunguzia msichana kazi za jioni. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakina meza ya kusomea. Kina taa moja, na taa hiyo ni ya wote. Mtoto akipata mahali penye mwanga na mtu mzima wa kumuuliza maswali, saa moja na nusu ya jioni inakuwa na thamani ambayo mtoto wa nyumba kubwa haijui kwa sababu hajawahi kuikosa.

Hili nitalipitia upesi kwa kuwa ni zito. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi kuhusu jaa la taka la Dandora, ng'ambo ya mto kutoka Korogocho. Watoto na vijana 328 wa eneo hilo walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo unaokua: humpunguzia mtoto uwezo wa kutulia, kukumbuka na kujifunza. Kwa hiyo tunapozungumzia alama za watoto wa ukanda huu, tuzungumze pia juu ya hewa na udongo. Mwalimu hawezi kufundisha risasi itoke katika damu.

Je, umewahi kuwasikia mashosho wa Korogocho waliojifunza kupigana? Kulikuwa na wahalifu walioamini kwamba ajuza hana virusi vya UKIMWI na hana nguvu, wakawafanya wanawake wazee kuwa mawindo. Mashosho wakakusanyika ukumbini, wakafundishwa kupiga kelele, kupiga goti, kupiga kiganja puani. Mafunzo hayo waliyaita Shosho Jikinge. Mafunzo ya namna hiyo yakapelekwa kwa wasichana wa sekondari wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford wakapima matokeo. Katika utafiti uliochapishwa 2013, wasichana 402 walifundishwa kwa wiki sita, saa mbili kila wiki. Kabla ya mafunzo, karibu msichana mmoja kati ya wanne alisema alishambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Baada ya miezi kumi ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Wengi walioepuka walitumia sauti tu: kusema hapana kwa ukali, kuita watu, kumtaja mtu jina.

Lakini nadhani utafiti uliofuata, uliochapishwa 2015, ndio unaofaa kusomwa na wanaume wa Baba Dogo. Safari hii waliofundishwa ni wavulana, nao waliulizwa miezi tisa baadaye: ulipoona msichana akisumbuliwa au akipigwa, ulifanya nini? Kati ya waliopitia mafunzo na kushuhudia ukatili, takriban robo tatu walisema waliingilia na wakafaulu kuuzuia. Kati ya wale ambao hawakufundishwa, waliofaulu walikuwa kama theluthi moja. Wavulana hawa ni wa mitaa ileile na ugumu uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu mzima, mwanamume mwenzao, aliketi nao wiki sita akazungumza nao waziwazi kuhusu ridhaa, na juu ya uongo kwamba msichana akikubali soda basi amekubali mengine.

Tukiwa hapo hapo: je, wajua kwamba mazungumzo ya dakika arobaini yaliwahi kupunguza mimba za utotoni? Mwaka 2004, mwanauchumi Pascaline Dupas alipanga majaribio katika shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya. Shule 71 zilichaguliwa kwa kura. Humo wasichana wa darasa la nane walionyeshwa filamu fupi na kuelezwa takwimu ambayo hakuna aliyewahi kuwapa: kwamba wanaume wa makamo ndio wenye virusi vya UKIMWI kwa wingi kuliko vijana wa rika lao. Ndani ya mwaka mmoja, mimba zilipungua kwa asilimia 28, hasa zile za wanaume wakubwa. Mafunzo ya kawaida ya serikali, yaliyosema subirini hadi ndoa, hayakuwa na athari kwa mimba. Leo wanaume hao tunawaita masponsa, na wasichana bado wanapewa mahubiri pale ambapo takwimu ingetosha.

Sasa twende Busia, mahali ambapo pamefanyiwa majaribio mengi ya elimu kuliko karibu wilaya yoyote ya Afrika, na penye utafiti mmoja ambao umenikaa kichwani kwa muda mrefu.

Mwaka 2001 wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso walitangaziwa zawadi. Katika shule zilizochaguliwa kwa kura, asilimia 15 ya wasichana waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wangepata ufadhili wa miaka miwili: shilingi 500 kwa mwaka ziende shuleni, shilingi 1,000 ziende kwa familia kununua vitu vya shule, na mshindi asimame mbele ya wazazi apigiwe makofi. Huko Busia alama za wasichana zilipanda, hata za wale waliojua hawana nafasi ya kushinda. Alama za wavulana nazo zikapanda, ingawa zawadi haikuwa yao. Walimu nao wakaanza kufika kazini zaidi. Teso mambo yaliharibika kwa njia isiyotazamiwa: radi ilipiga shule moja ya msingi, ikaua wanafunzi 7. Baadhi ya wakazi walilihusisha balaa hilo na shirika lililoleta ufadhili, na shule kadhaa zikajitoa. Imani ya watu ni sehemu ya matokeo ya mradi, na afadhali watafiti hao waliliandika jambo hilo badala ya kulifuta.

Miaka kadhaa baadaye watafiti waliwatafuta wasichana wale, sasa wanawake vijana, wakawauliza maswali ambayo hayakuwa ya hesabu wala Kiingereza. Je, mume ana haki ya kumpiga mke? Nani ni waziri gani? Je, kiongozi apaswa kuheshimiwa tu, au aulizwe? Watafiti hao ni Willa Friedman, Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton, na makala yao ilitoka 2016. Walitaka kujua kama elimu humfanya mtu kuwa raia wa namna ambayo vitabu husema, yaani mpenda demokrasia, mwenye kuiweka nchi mbele ya kabila.

Haikuwa hivyo. Wanawake waliosoma katika shule za ufadhili walikataa zaidi kwamba kupigwa na mume ni halali. Walijua siasa zaidi. Walikuwa wepesi zaidi kuihoji mamlaka. Lakini hawakujiona Wakenya zaidi kuliko watu wa kabila lao, hawakusema watapiga kura zaidi, wala hawakuhisi kwamba sauti yao inafika popote. Zaidi ya hayo, kulikuwa na dalili kwamba walikuwa tayari zaidi kuona ghasia za kisiasa kuwa zina uhalali.

Mimi husoma matokeo hayo na kuwaona vijana wa mitaa yetu. Tumewapeleka shule, wamejua katiba ya 2010 inasema nini, wanajua bajeti ya kaunti, wanajua bursari ya wadi ilipaswa kumfikia nani. Kisha wanafika ofisini na kuambiwa warudi kesho. Shule ilimfumbua macho mtoto, na ofisi haikumfungulia mlango. Wanaolaumu elimu kwa hasira ya vijana wanapaswa kuuangalia mlango huo kwanza.

Je, wajua kwamba huko Busia vitabu vya bure viliwahi kugawiwa na alama za wastani zisipande hata kidogo? Katika miaka ya 1990, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100 za msingi, 25 kati yake zikiwa zimepewa vitabu vya kiada. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa juu tayari. Wengine hawakuweza kuvisoma. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Serikali ilipoanza mradi wa Tusome mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya mwanzo akapewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu akapewa mwongozo na mtu wa kumtembelea darasani. Kitabu kilekile, lakini safari hii kimepewa mtu wa kukifungua.

Katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hesabu ya lugha ni ngumu zaidi, kwa maana mtoto wa Baba Dogo huenda lugha yake ya kwanza kabisa ni Sheng. Mwaka 1997, Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Ken Osinde waliandika kuhusu Sheng ya vijana wa Eastlands na jinsi inavyotofautiana na ile ya wenye nafasi, iliyoegemea Kiingereza. Mwaka 2018 Chege Githiora akatoa kitabu kizima kinachoonyesha kwamba Sheng imekua, imekuwa aina ya Kiswahili yenye mfumo wake, inayosemwa na watu wazima wenye kazi na watoto. Shuleni bado mtoto huonywa asiitumie. Nje ya lango, mwanasiasa anayetafuta kura yake anamsemesha kwa hiyo hiyo. Napenda Kiswahili sanifu na nakiandika kwa moyo wote, lakini sioni jinsi mtoto atakavyokipenda akiambiwa kwanza kwamba kinywa chake ni kichafu.

Lugha inanipeleka Tanzania. Edward Miguel, yule yule wa Busia, alichapisha mwaka 2004 ulinganisho wa Busia na wilaya ya Meatu, wakati ule ikiwa katika mkoa wa Shinyanga. Alizichagua kwa kuwa zinafanana: vijiji vya wakulima, makabila yaliyochanganyika, mvua ya wasiwasi. Je, wajua alichokuta? Upande wa Kenya, shule yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila ilichangiwa pesa kidogo na wazazi wake, na harambee ilishindwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumbana jirani wa kabila jingine asiyetoa. Upande wa Meatu, mchanganyiko haukupunguza michango. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, ikakifanya Kiswahili lugha ya shule ya msingi, na serikali ya Nyerere ikafundisha utaifa darasani miaka nenda miaka rudi. Watu wa Meatu hawakuzaliwa na mioyo mikubwa kuliko ya Busia. Walilelewa na sera tofauti.

Hili linalofuata ningependa lisomwe pale malangoni, kabla vibarua hawajaingia.

Mwanauchumi Jonas Hjort alipata rekodi za kiwanda kimoja cha kupakia maua ya waridi hapa Kenya. Kazi ilipangwa kwa watu watatu watatu. Mmoja alipanga maua na kuwagawia wenzake wawili, nao wakayafunga mashada. Kila mfungaji alilipwa kwa mashada yake. Mgawaji alilipwa kwa jumla ya mashada ya wote wawili. Maana yake, mgawaji akimnyima mwenzake maua anajipunguzia mshahara mwenyewe. Hata hivyo aliwanyima. Mfungaji wa upande mwingine wa siasa za kikabila alipewa maua machache, na timu zilizochanganyika zikazalisha kidogo kuliko zile za kabila moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, pengo likapanuka.

Februari 2008 kiwanda kilibadilisha malipo. Wafungaji wawili wakaanza kulipwa sawa, kwa jumla ya mashada yao wote wawili. Ikawa kumpendelea mmoja na kumnyima mwingine hakuna faida tena, kwa sababu pesa zinagawanywa nusu kwa nusu. Mgawo wa maua ukasawazika. Hakuna aliyehubiriwa amani wala aliyepelekwa semina. Msimamizi aliandika upya karatasi ya malipo, na ubaguzi kati ya wafungaji wale ukakosa mahali pa kukaa. Utafiti ulichapishwa 2014. Tumezoea kuambiwa ukabila ni ugonjwa wa moyo. Nadhani sehemu yake kubwa ni ugonjwa wa mpangilio wa kazi, na mpangilio hubadilishwa na mtu aliyeshika kalamu.

Mfano mwingine unasimama katika lami. Robin Burgess na wenzake walipima barabara za Kenya tangu uhuru hadi 2011. Wilaya za kabila la rais zilipata matumizi ya barabara mara mbili ya fungu lao, na urefu wa lami mara tano. Katika miaka ya vyama vingi, upendeleo huo ulitoweka. Rais alikuwa bado na kabila lake, ila sasa kulikuwa na macho yanayomtazama.

Mwaka 2013, wapigakura wapatao milioni 2 walitumiwa ujumbe wa simu kutoka kwa tume ya uchaguzi ukiwahimiza kujitokeza na kuwaeleza habari za uchaguzi. Je, wajua kwamba ujumbe huo uliwatoa watu kwenda kupiga kura na papo hapo ukawapunguzia imani kwa tume? Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri waligundua kwamba waliopokea ujumbe walijitokeza zaidi, lakini baadaye wakaiamini tume kidogo kuliko wasioupokea. Tume ilikuwa imeahidi mitambo ya kielektroniki, na mitambo ikakwama. Anayeahidiwa ndiye huumia ahadi ikivunjika.

Kuhusu wanawake na uongozi, Kenya ina hesabu rahisi kukumbuka: magavana wanawake waliochaguliwa 2013 hawakuwapo hata mmoja, 2017 walikuwa 3, 2022 wakawa 7. Swali la watafiti ni kama msichana wa darasa la saba hulitambua badiliko hilo. India ilijibu kwanza. Tangu 1993 angalau theluthi ya viti vya wakuu wa vijiji huko hutengewa wanawake, kwa zamu. Lori Beaman na wenzake walichunguza vijiji 495 vya West Bengal na kukuta kwamba katika vijiji vilivyoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, tofauti ya kiwango cha masomo kati ya wavulana na wasichana ilikuwa imefutika, na wasichana walitumia muda mchache zaidi kwa kazi za nyumbani. Wanawake wale hawakujenga shule zaidi. Wasichana waliwaona tu wakiketi kwenye kiti, na wazazi waliwaona wasichana wao kwa jicho jingine.

Hata sinema inaweza kufanya hivyo. Mwaka 2016 Emma Riley, wakati huo Chuo Kikuu cha Oxford, aliwapeleka wanafunzi wa sekondari wa Kampala kutazama filamu kabla ya mitihani ya taifa. Wengine walitazama Queen of Katwe, hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda aliyekuwa bingwa wa chesi, mama yake akiigizwa na Lupita Nyong'o. Wengine walitazama filamu nyingine isiyohusiana. Waliotazama Queen of Katwe wiki moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne walifanya vizuri zaidi katika hisabati, na waliofaidika zaidi walikuwa wasichana na wanafunzi waliokuwa nyuma. Hawakuongezewa somo hata moja. Nimekuwa nikijiuliza ukumbi gani wa Baba Dogo una ukuta mweupe wa kutosha.

Na la mwisho. Mwaka 1998 shule 75 za Busia zilianza kupewa dawa ya minyoo kwa zamu, chini ya utafiti wa Kremer na Miguel. Utoro ulipungua kwa robo, hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza dawa wakanufaika. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Watafiti hawakuwaacha watoto wale. Waliendelea kuwatafuta walipokua, na wengi walikuwa wamehama kuja mijini, hasa Nairobi. Wahojaji wakawafuata mtaa kwa mtaa. Baada ya miaka ishirini, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Kisha wakahesabiwa watoto wao, na vifo vya watoto hao kabla ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wa wazazi hao yuko Kariadudu, anawahi lango la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto wake anapishana naye barabarani akiwa na mkoba mgongoni.